Aliyemvulia Paka Shati

Gari la polisi lilikuwa limeshakata kona ya msikiti ndipo Waryuni alipoona kwamba mumewe amekwenda pekupeku. Kandambili zake zilikuwa pale pale mlangoni, moja imeelekea ndani, moja imeelekea nje. Akazinyakua akatimka nazo, lakini utakimbiaje na kitambaa cha batiki kimekubana miguu? Alifika darajani, pale mfereji unapoingia kwenye mashamba ya vitunguu, akasimama. Vumbi lilikuwa linatua. Nyuma yake majirani walikuwa wamejipanga kando ya njia kama watu wanaongoja maarusi wapite.

"Mfuate na pikipiki, Mama Windi," mmoja alisema.

"Ya nini? Huko atapewa viatu vya serikali," mwingine akadakia.

Wakacheka, kisha wakaona haya, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Aliyebaki ni Pak Rasmadi, yaani Bwana Rasmadi, balozi wa mtaa, ambaye kazi yake ilimlazimu kubaki.

"Ni yule mzee wa kutembeza kerupuk, zile kaki za kukaanga," alisema. "Aliyegongwa juzi jioni barabara kuu, na baiskeli yake. Amefariki jana hospitali. Wanasema lori ni lile la mumeo."

"Malori ya vitunguu yako mia."

"Yenye maneno yale nyuma ni moja tu, Mama Windi."

Madereva wa pwani ya Java hawatembezi lori lisilo na maneno nyuma, na Tarmudi, mumewe, alikuwa amemlipa mchoraji kwa pesa yake mwenyewe: MKE MMOJA ANANITOSHA, DIZELI HAINITOSHI. Binti mmoja anayeuza petroli ya chupa pale njia panda aliyasoma lori likiondoka. Aliyakumbuka kwa sababu, kabla hajaona mtu aliyelala chini, yalimchekesha.

Waryuni alirudi nyumbani na kandambili mkononi. Alikumbuka juzi jioni mumewe alivyooga mpaka pipa likaisha maji, na alivyousukuma wali wake kando akisema ameingiwa na baridi. Utingo wake alikuwa amekwenda harusini kwao, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kuuliza. Yeye naye hakuuliza. Alimpikia chai ya tangawizi.

*

Mchana Waryuni alikwenda mwenyewe kituoni. Mpelelezi aliitwa Pak Hendarto, mtu mnene mwenye taulo shingoni, maana feni ya ofisi ilikuwa imekufa. Alimkaribisha kiti, akamsukumia glasi ya chai.

"Mama, sheria inasema mke halazimishwi kumsema mumewe. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, kunywa chai yako uende nyumbani."

"Ninyamaze nina nini cha kuficha?"

"Haya. Basi tuambie, ni mtu wa namna gani?"

Hilo ndilo swali Waryuni alilokuwa akilitafuta tangu asubuhi. Hapakuwa na mtu aliyemuuliza. Alisema mumewe halewi. Hachezi karata. Anamtunza mama yake mzazi nyumba moja naye, wala hajawahi kumfokea. Anaswali, labda si zote tano, lakini nani anaziwahi zote tano akiwa njiani? Pak Hendarto aliitikia kwa kichwa, na kalamu yake ililala juu ya karatasi kama mtu mwenye usingizi.

"Na barabarani?"

"Barabarani ndiyo usiseme, Pak. Hata paka hampiti."

Mpelelezi aliinua kichwa. "Paka?"

"Nakwambia! Kuna siku alirudi kifua wazi, mvua inamnyeshea. Nikamwambia, we mwanamume, umevuliwa nguo na mwanamke gani? Akasema amegonga paka kule karibu na Losari, amemvika shati akamzika. Na shati lenyewe la Idi, Pak! Halijaonja sabuni hata siku moja! Nilimnunia wiki nzima."

Pak Hendarto alicheka. "Na mimi mke wangu angeninunia. Hiyo ilikuwa mara moja?"

"Mara moja wapi? Mwaka jana tena. Tajiri akamkata posho kwa kuchelewesha mzigo. Akasema heri posho ikatwe kuliko lori lipinduke."

"Kwa hiyo akigonga paka, anasimama."

"Anasimama."

"Kila mara?"

"Kila mara, Pak. Muulize dereva yeyote."

Sasa kalamu ilikuwa inakimbia. Waryuni aliitazama ikikimbia na moyo wake ukatulia kidogo. Hatimaye mtu alikuwa anaandika mema ya mumewe, na karatasi ile ilikuwa na nembo ya serikali. Alipopewa atie saini, aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi.

Walimruhusu kumwona kwa dakika chache. Tarmudi alikuja mpaka kwenye nondo, nywele zimesimama, miguu mitupu juu ya saruji. Alipitishiwa kandambili kwa chini.

"Wamekuuliza nini?"

"Wameniuliza wewe ni mtu gani. Nimewaambia yote. Mpaka habari ya shati."

"Shati lipi?"

"Si lile la paka!"

Tarmudi aliziacha kandambili chini, akashika nondo. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mama Windi," alisema, "mimi nimewaambia nilidhani ni paka."

Kwanza hakuelewa. Alibaki na tabasamu lake usoni kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Kisha likamwingia, polepole. Kwenye barabara ile kila dereva analijua jambo hili, Mwislamu, Mkristo na asiye na dini: ukigonga paka unasimama. Unavua shati ulilovaa mwilini, si tambara, si gunia, unamvisha, unamchimbia kaburi. Usipofanya hivyo, safari ijayo gari litapinduka nawe. Kwa hiyo aliyesikia kishindo, akadhani ni paka, asisimame, hayupo kwenye barabara hiyo. Aliyepita alijua amegonga nini.

"Kwani..." Waryuni alianza. "Kwani ulijua?"

Tarmudi alikuwa anavaa kandambili, na kamba ya moja ilikuwa inamsumbua. "Ukija tena," alisema, "uniletee sigara."

*

Yaliyosemwa ofisini kwa mpelelezi yalifika mtaani kabla yake. Mama mkwe wake, Mbah Kastem, alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mianzi, ushungi umeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Wamesema kweli? Umekwenda mwenyewe ukawapa kamba?"

"Mama, nilikuwa namsifu."

"Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Walisahau kusema kichwa cha nani."

Hakusema zaidi. Siku ile wala siku zilizofuata hakusema naye, ingawa nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko moja, na ilibidi wapishane mlangoni bega kwa bega. Akitaka chumvi alimtuma mjukuu: "Windi, mwambie mama yako anipe chumvi," na mama yake amesimama hapo hapo, mwiko mkononi.

Kila asubuhi Waryuni alitandika meza barazani akauza wali wa tofu na chipukizi za choroko, mchuzi wa karanga juu. Watu wa mtaa ule hula hicho kabla ya kwenda shambani. Sasa walikata kupitia nyuma ya msikiti. Si kwamba walimchukia. Walishindwa la kumwambia, na mtu akishindwa la kukwambia, njia ya nyuma ya msikiti huwa fupi. Waliomjia walikuwa watoto. Walikaa upande wa pili wa mfereji, wakangoja ainame kuchota wali, ndipo mmoja anaanza: "Nyaau." Mwingine anapokea: "Nyaaau, Mama, nipe shati, nasikia baridi."

Mara ya kwanza aliwarushia mwiko. Mara ya pili alijifanya kiziwi. Ikafika siku akajikuta anawangoja, maana tangu alfajiri hapakuwa na sauti nyingine iliyomwita.

*

Pak Rasmadi ndiye aliyesema lazima waende kwa wafiwa. Hakimu huangalia kama familia mbili zimekaa chini, kama kuna karatasi ya suluhu. Walikwenda siku ya saba ya msiba, siku ya kisomo, na mchele na sukari na boksi la majani ya chai. Haji Kuswadi, tajiri mwenye lori, alituma bahasha, hakuja mwenyewe. Alisema presha imepanda.

Mjane aliitwa Bu Rumsari. Hakuwaweka sebuleni walikokaa wanaume wa kisomo. Aliwapitisha jikoni, na Waryuni akakaa kwenye kibao cha kukunia nazi kwa sababu hapakuwa na kingine. Ukutani ilikuwa imening'inia mifuko ya kerupuk iliyobaki, mikubwa, myepesi, inatikisika kwa upepo wa mtu kupita tu.

"Zinalainika," Bu Rumsari alisema alipomwona anazitazama. "Hakuna wa kuzitembeza. Chukua mfuko mmoja ukiondoka."

"Hapana, Bu, siwezi."

"Chukua. Nitazifanyia nini mimi, meno yenyewe haya?"

Pak Rasmadi alikohoa, akatoa karatasi, akaisoma. Ajali ni kudra. Familia ya marehemu imepokea kwa moyo mkunjufu. Haitadai. Bu Rumsari alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa mapajani.

"Kugongwa, nimesamehe," alisema. "Mume wangu alikuwa haoni vizuri jioni, nilimwambia anunue taa ya baiskeli akasema mwezi ujao. Hilo andika. Lakini naona hapo mwisho umeandika nimesamehe yote."

"Ni lugha ya maofisi tu, Bu."

"Futa hilo neno 'yote'. Yule binti wa petroli alikaa naye chini, akamlaza kichwa mapajani mwake. Unajua mume wangu alimwambia nini? Alimwambia, usihangaike, mwanangu, yule dereva kaenda kumwita daktari. Binti kila akitaka kukimbia kutafuta msaada, yeye anamshika mkono: tulia, kaenda kuita. Anarudi sasa hivi." Alipangusa pua na ncha ya ushungi. "Alimngoja. Mpaka giza likaingia, anamngoja. Hapo mimi sijui kama ni pangu kusamehe. Aliyengojeshwa si mimi."

Balozi alilifuta lile neno kwa kalamu, akaweka herufi za jina lake pembeni. Mjane akaweka dole gumba. Waryuni alitaka kusema kitu. Alikuwa amejiandaa njia nzima, maneno ya heshima, ya Kijava cha ndani, cha kuongea na wakubwa. Yote yalimtoroka. Aliinama akaushika mkono wa yule mama akauweka kwenye paji la uso wake, na mkono haukuvutwa, lakini haukumbana pia.

Alitembea kurudi na mfuko wa kerupuk unaopiga kelele kwa kila hatua. Hakuna aliyeweza kuzila nyumbani. Mbah Kastem alizitazama, akageukia ukuta.

*

Kesi ilipokaribia, presha ya Haji Kuswadi ilishuka. Alikuja barazani, akakaa, akala sahani mbili za wali bila kuulizwa.

"Sikiliza, Yuni. Nimeongea na mtu anayejua mambo ya mahakama. Kugonga ni kesi moja, na hiyo tuna karatasi ya mjane, hakimu atalegea. Kuondoka ni kesi nyingine, inawekwa juu ya ile. Hiyo ya pili inasimama kwa mguu mmoja tu: maneno yako. Ukisema ulitunga, mguu umekatika."

"Niseme niliwadanganya polisi?"

"Ulikuwa na hofu. Mwanamke, mume kachukuliwa asubuhi, unataka kumpamba. Ukatunga kihadithi cha paka. Nani atakulaumu? Watacheka, utaona haya saa moja, mumeo atarudi nyumbani mapema."

"Na kama nikinyamaza? Polisi alisema mke anaruhusiwa."

"Ukinyamaza karatasi inabaki. Isitoshe, mke anayenyamaza anasema nini? Anasema mume wangu ana kosa." Alijifuta mdomo. "Mimi lori limezuiliwa kama ushahidi tangu siku ile. Vitunguu vinaoza. Nifikirie na mimi."

Waryuni alimtazama akishuka barazani. Hakulipa. Usiku huo huo Waryuni alimweleza Mbah Kastem, akiongea na mgongo wake. Mgongo ulisikiliza. Mwishowe kikongwe akasema, bila kugeuka, na yalikuwa maneno ya kwanza kwake tangu siku ile: "Kama mdomo ulimwingiza, mdomo umtoe."

*

Mahakamani walimvisha Tarmudi shati jeupe na suruali nyeusi, kama wanavyovalishwa wote. Alikuwa amekonda shingo. Hakimu mkuu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alimweleza Waryuni haki yake ya kunyamaza.

"Nitasema, Bu Hakim."

"Maneno yako ya polisi ni ya kweli?"

"Hapana. Nilitunga."

"Ulitunga lipi?"

"La paka. Hajawahi kusimama kwa paka."

Nyuma, kwenye mabenchi ya madereva waliokuja kumsindikiza mwenzao, mtu alisema "Aa!" kama aliyekanyagwa. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye miwani, alisimama taratibu.

"Hajawahi hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Na lile shati la Idi?"

"Halikuwapo."

"Akigonga paka anafanyaje?"

Waryuni alimtafuta Haji Kuswadi kwa macho. Alikuwa anaangalia dari.

"Anapita," alisema.

"Anapita tu. Anamwacha barabarani akanyagwe na wengine?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mama, unaiambia mahakama kuwa mume wako ni mtu asiyesimama."

Hilo Haji Kuswadi hakulipigia hesabu. Kicheko kikaanzia upande wa wanafunzi wa sheria waliokuja kutazama kesi, kikasambaa. Akasikia, au alidhani amesikia, mtu akilia nyaau kwa sauti ndogo. Alishika ukingo wa kiti. Alikuwa peke yake katikati ya ukumbi ule, kiti chake kimewekwa mbali na kila kiti kingine.

"Nasimama!"

Tarmudi alikuwa ameinuka. Askari alimshika bega, naye akaukung'uta ule mkono.

"Bu Hakim, mimi nasimama. Waulize hao wote nyuma. Shati lilikuwepo, la bluu, la mikono mirefu, alilinunua yeye. Msimcheke mke wangu. Yeye alisema kweli polisi, hapa ndiyo kafundishwa."

"Kaa chini, mshtakiwa. Unajua unachokisema?"

"Najua. Nilijua ni mtu. Nilisikia amesema 'Allah'. Paka hasemi."

Hakimu alivua miwani.

"Kwa nini hukusimama?"

"Nilidhani watu watakuja mbio kutoka mashambani. Mwenzetu mmoja walimchoma na lori lake barabara hiyo hiyo. Niliogopa, Bu."

"Sheria inaijua hofu hiyo. Inakuruhusu uende, lakini uende moja kwa moja kituo cha polisi ukaseme. Njiani mwako kulikuwa na kituo?"

"Vilikuwa viwili."

"Ulipita vyote?"

"Cha kwanza nilijiambia, nitasimama cha pili. Nilipofika cha pili nikajiambia, wakiniuliza kwa nini hukusimama cha kwanza, nitasemaje?" Aliinamisha kichwa. "Baada ya hapo hakukuwa na kituo, kulikuwa na nyumbani."

Waryuni alirudi kwenye benchi. Alitazama nyuma ya shingo ya mumewe, akingoja ageuke. Tarmudi aliposhuka kizimbani alipita karibu naye kiasi cha kugusana nguo. Alikuwa anatazama mlango.

*

Tarmudi alihukumiwa kwa makosa yote mawili, la kugonga na la kuondoka. Mahakama ilisema karatasi ya mjane na kukiri kwake vimempunguzia, na kupita vituo viwili kumemuongezea. Alifungwa zaidi ya miaka mitatu, na leseni ikachukuliwa. Waryuni hakushtakiwa kwa kusema uongo. Hakimu alimwonya na kumwambia aende.

Haji Kuswadi alirudishiwa lori, akaliuza kwa mtu wa Cirebon. Pak Rasmadi alichaguliwa tena kuwa balozi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka. Binti wa petroli aliolewa Pekalongan. Bu Rumsari aliishi miaka miwili, akafa kwa kisukari, na Waryuni alikwenda kwenye kisomo, akakaa jikoni akamenya vitunguu pamoja na wanawake wengine, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani kwao.

Mbah Kastem alihamia kwa mwanawe mdogo. Hakuaga, lakini aliacha chungu chake kizuri. Windi alimaliza shule ya msingi, akapelekwa kusomea Semarang kwa shangazi yake, na baadaye akapata kazi huko huko kwenye kiwanda cha viatu.

Tarmudi alitoka gerezani wakati wa mavuno. Alikaa nyumbani mpaka vitunguu vikaisha kukauka. Walikula pamoja, walizungumza habari za paa na bei ya mchele, na wala hawakugombana. Kisha alivuka bahari kwenda Lampung, kwa binamu yake mwenye shamba la mpira, na huko yupo hadi sasa. Hana leseni. Hutembea kwa miguu. Pesa anatuma, si kila mwezi.

Waryuni bado anauza wali barazani. Wateja walirudi wenyewe, kidogo kidogo. Wageni wakimuuliza kama ana mume, husema anaye.